Kulewa Bahari Ukienda Kupiga Mbizi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wapiga Mbizi wa Nairobi

Wengi wetu tuliojifunza kupiga mbizi Nairobi tulianzia bwawani. Maji yametulia, sakafu inaonekana, na ukichoka unashika ukingo. Kisha inafika safari ya Pwani, na mtu aliyefaulu kila zoezi la bwawani anashindwa na nusu saa ya mashua. Maswali haya hurudi kila msimu wa safari unapokaribia. Nitayajibu kwa urefu yanapostahili, lakini mengi yanarudi kwenye jambo moja: kulewa bahari huzuiwa mapema, kabla hujapanda chombo. Moyo ukishachafuka, tumbo hupunguza kazi yake, na kidonge utakachomeza wakati huo hukaa tu pale kikingoja kutapikwa.

Kwa nini nachafukwa na roho juu ya mashua, lakini nikishazama nakuwa sawa?

Ndani kabisa ya sikio kuna mifereji mitatu myembamba yenye majimaji. Kichwa kikigeuka, majimaji yanasogea na ubongo unapata habari. Kando yake kuna vijiwe vidogo mno vya chokaa vinavyoeleza kama unapanda, unashuka au umeinama. Sasa keti mashuani, ukodolee macho begi lililo miguuni. Macho yanauambia ubongo kwamba umetulia, kwa kuwa begi halisogei. Sikio linauambia kwamba umepanda mita moja, umeshuka, na umelala ubavu. Habari hizo mbili zinapingana, na mgongano huo ndio unaoleta kichefuchefu. Watu ambao sehemu hiyo ya sikio imekufa kabisa kwa maradhi hawalewi bahari hata iwe dhoruba.

Chini ya maji mambo hubadilika kwa sababu nguvu ya wimbi hupungua kadiri unavyoshuka. Ukifika kina cha nusu ya urefu wa wimbi, yaani nusu ya umbali kati ya kilele kimoja na kinachofuata, mtikisiko wake karibu umekwisha. Ndiyo maana mtu aliyekuwa amepauka juu anaweza kuchangamka akishafika mita 15. Lakini usilichukulie hilo kuwa ahadi. Kwenye miamba ya kina cha mita 6 au 8, siku yenye mawimbi marefu, maji hukupeleka mbele na kukurudisha nyuma pamoja na samaki na nyasi zote, na wapo wanaochafukwa hapohapo.

Mimi hutapika hata kwenye matatu ya kuteremka Mai Mahiu. Nisahau mambo ya mbizi?

Usisahau, ila jipange kuliko wenzako. Anayelewa barabarani ana uwezekano mkubwa wa kulewa baharini, na ni vizuri umelijua hilo ukiwa bado nyumbani. Watoto wa miaka 2 hadi 12 huathirika zaidi kuliko watu wazima, wanawake zaidi kuliko wanaume, na wenye kipandauso zaidi kuliko wasio nacho.

Habari njema ni kwamba mwili huzoea. Kwa watu wengi huchukua siku mbili au tatu za kuwa baharini. Hapo ndipo safari zetu za wikendi zinapotuangusha: unafika Ijumaa usiku, unazama Jumamosi na Jumapili, na siku ambayo mwili ungekuwa umezoea uko kwenye treni ya kurudi. Kama unajijua, omba ruhusa ya siku mbili zaidi kazini. Siku ya kwanza toka na mashua ndogo ndani ya mwamba, yaani upande wa ufuoni, uogelee kwa maski na bomba tu. Siku ya pili zama sehemu ya karibu. Sehemu za mbali ziache za mwisho.

Niende miezi gani, na sehemu gani bahari huwa shwari?

Pwani yetu inatawaliwa na pepo mbili. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, kuanzia Aprili hivi mpaka Septemba, na kati ya Juni na Agosti huwa kali. Kaskazi huanza kushika Novemba au Desemba na kuendelea hadi Machi. Kati ya hizo kuna vipindi vya maleleji, upepo ukiwa unageuka na bahari ikilala. Oktoba, Novemba, Februari na Machi ndiyo miezi ninayompendekezea mtu mwenye tumbo jepesi. Januari kaskazi yaweza kuchafua bahari mchana, lakini asubuhi mara nyingi hutulia.

Tatizo la familia nyingi za Nairobi ni Agosti. Shule zimefungwa, kila mtu anateremka Pwani, na kusi bado inavuma. Ikiwa huna mwezi mwingine, basi chagua safari ya kwanza ya asubuhi, na umwambie anayepanga safari akupeleke sehemu iliyo karibu na mlango wa mwamba, yaani pengo ambalo mashua hupitia kwenda bahari ya wazi.

Kuhusu sehemu: Diani na Watamu zina mwamba mrefu unaokinga ufuo, kwa hiyo ukiwa upande wa ndani maji ni kama ya bwawa, na kazi huanza mashua inapovuka mlango. Kwenda hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti unaondokea Shimoni. Safari ni ndefu zaidi, ila Kisiwa cha Wasini kinakinga sehemu ya njia. Mombasa wapo wanaokwenda kuiona meli ya MV Dania, iliyozamishwa makusudi mwaka 2002 nje ya mwamba. Ni mbizi nzuri sana, lakini mashua hungoja kwenye maji ya wazi, na kungoja ndiko kunakolevya kuliko mwendo.

Uliza pia habari za maji. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, bahari yetu hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu, na mkondo wa milangoni huwa na nguvu. Mkondo ukitoka nje huku upepo ukiingia, mawimbi husimama, huwa mafupi na ya kupiga. Nahodha yeyote wa huko anajua saa ya kuvuka. Akisema tungoje nusu saa, ngoja naye.

Ninunue dawa gani?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapokosea bila kujua.

Mtu anaingia kemisti, tuseme pale Tom Mboya au Ngong Road, na kusema, "Dada, naomba dawa ya kuzuia kutapika, nasafiri." Dada wa watu anampa dawa ya kuzuia kutapika kweli. Mara nyingi huwa ni Plasil, au ondansetron, au Buscopan kwa sababu mteja ametaja tumbo. Zote ni dawa nzuri kwa kazi zake. Plasil na ondansetron hufaa kutapika kunakotokana na tumbo au matibabu, lakini kwa mtikisiko wa bahari hazisaidii sana. Buscopan inatuliza msokoto wa tumbo na haifiki kwenye ubongo, ambako mgongano wa macho na sikio unatokea. Dawa za mzio za kisasa zisizoleta usingizi, kama cetirizine, nazo hazifui dafu hapa. Kwa hiyo usiseme "dawa ya kutapika". Sema, "Naenda baharini kwa mashua, nitapiga mbizi, nataka dawa ya kuzuia kulewa bahari." Sentensi hiyo moja inabadilisha anachotoa kabatini.

Dawa ambayo wapiga mbizi wengi huitegemea ni cinnarizine, inayojulikana zaidi kwa jina la Stugeron. Huleta usingizi kidogo kuliko nyingi za jamaa yake. Inahitaji muda: imeze angalau saa mbili kabla ya mashua kung'oa nanga, ukiwa umetia kitu tumboni. Mashua ikiondoka saa mbili asubuhi, kidonge kimezwe saa kumi na mbili. Kipimo fuata cha mfamasia na cha kwenye karatasi ya dawa, usiongeze kwa sababu bahari inaonekana mbaya. Mwenye ugonjwa wa Parkinson asiitumie.

Promethazine, maarufu kama Phenergan, ina nguvu, lakini inalaza. Siipendekezi kabisa siku ya kuzama. Ukishuka kina, naitrojeni iliyo kwenye hewa ya mtungi yenyewe hulevya akili, na kuongeza usingizi wa dawa juu yake ni kuutafuta mkosi: unachelewa kusoma geji ya hewa, unachelewa kuitikia ishara ya mwenzako. Meclizine na dimenhydrinate ziko katikati, na huwasinzisha watu kwa viwango tofauti.

Kipo pia kiraka cha hyoscine kinachobandikwa nyuma ya sikio. Hubandikwa saa nne au zaidi kabla ya safari na hufanya kazi hadi siku tatu. Usitarajie kukikuta kila kemisti. Hukausha kinywa na kutia ukungu machoni, na hakimfai mwenye glakoma wala mwenye matatizo ya tezi dume. Ukikishika kisha ukajipangusa jicho, mboni hupanuka upande mmoja tu, jambo ambalo baada ya mbizi linaweza kumtia daktari hofu ya jeraha la ubongo. Nawa mikono kwa sabuni kila unapokigusa.

Dawa yoyote utakayochagua, ijaribu Nairobi kwanza. Imeze Jumamosi ukiwa nyumbani huna kazi, ukae nayo siku nzima, na usiendeshe gari. Ikikulaza kwenye kochi, itakulaza pia chini ya mita 18, na huko hakuna kochi. Chukua nyingine, ijaribu Jumamosi inayofuata. Kama unatumia dawa za presha, za kifafa au za msongo wa mawazo, au una mimba, zungumza na daktari. Mwenye mimba hapaswi kupiga mbizi kwa mtungi hata kidogo, kwa hiyo kwake swali la dawa haliji.

Na kama daktari amekuandikia dawa ya kuzuia malaria kwa ajili ya safari, mwambie unapiga mbizi. Mefloquine inaweza kuleta kizunguzungu na wasiwasi unaofanana na maradhi ya mbizi yenyewe, yale yanayoletwa na viputo vya naitrojeni mwilini mtu akipanda kutoka kina, na wapiga mbizi hushauriwa kutumia nyingine.

Tangawizi inasaidia? Na ile kamba ya mkononi?

Tangawizi ina faida kiasi, na haina usingizi. Tafuna kipande kibichi au kunywa chai yake ya rangi saa moja kabla. Soda ya tangawizi sukari na gesi ndivyo vingi, na gesi tumboni mwa mpiga mbizi haitakiwi. Kamba yenye kidude kinachobonyeza sehemu ya ndani ya kifundo cha mkono ushahidi wake ni hafifu, lakini haidhuru, na mtu akiiamini sitamvua. Mabaharia wengi watakupa ndimu uinuse. Pokea. Harufu kali na safi hufukuza harufu ya dizeli, na hiyo peke yake ni nafuu.

Nile nini kabla ya safari?

Kula, lakini kidogo. Tumbo tupu hulewa haraka sawa na tumbo lililoshiba. Ndizi mbili, mkate mkavu, uji mwepesi, viazi vitamu au biskuti za kawaida zinatosha, saa moja na nusu au mbili kabla ya kuondoka. Mahamri na mbaazi za nazi ni chakula cha asubuhi ninachokipenda kuliko vyote vya Pwani, na nakiweka kwa ajili ya siku nisiyozama, au kwa mchana tukirudi. Mafuta hukaa tumboni muda mrefu. Juisi ya machungwa au maembe mabichi nayo huchoma ikianza kupanda.

Usiku uliotangulia ndio wenye madhara makubwa zaidi. Kundi la Nairobi likifika Pwani linataka kufungua wikendi: nyama choma, bia, muziki hadi saa nane. Pombe huingia hadi kwenye majimaji ya sikio la ndani na kuvuruga upimaji wake wa mizani, na athari hiyo hubaki hata baada ya wewe kujiona mzima. Tena inakukausha maji, na mwili uliokauka huaminika kuwa katika hatari zaidi ya viputo vya naitrojeni. Nyama kula. Bia ziwekwe kwa usiku wa baada ya mbizi ya mwisho, na maji yafuatane nazo.

Usingizi ni kinga pia. Naomba kabisa usipande basi la usiku kutoka Nairobi, ukateremka alfajiri na kuingia mashuani saa mbili. Umekesha, umekaa vibaya, shingo inauma, hujala. Fika jana yake mchana.

Nikae wapi kwenye mashua?

Katikati, chini, na mbali na moshi. Omo, yaani mbele, ndiko kunakopanda na kushuka sana. Tezini, nyuma, mtikisiko ni mdogo lakini moshi wa injini unakufuata, hasa mashua ikipunguza mwendo. Usiingie kwenye chumba cha chini hata kama kuna kivuli kizuri. Mwambie nahodha mapema, kwa heshima: "Nahodha, naomba nikae hapa katikati, roho yangu huchafuka." Hatakucheka. Amewaona wengi, na anapendelea kujua kabla kuliko kusafisha baadaye.

Tazama mbali. Kutoka Diani chagua minazi ya ufuoni au mstari ambapo bahari inakutana na mbingu, macho yasiondoke hapo. Mwache mwili ufuate mashua badala ya kuikazania. Simu iweke ndani ya begi. Picha utapiga ukirudi.

Sasa kuhusu vifaa, jambo ambalo huwapata hata wazoefu. Mashua imefika, nahodha amepunguza injini, chombo kinalala ubavu kwa ubavu, moshi umesimama palepale. Hapo ndipo watu wote wanainama kwa pamoja kuvaa mapezi, kutafuta maski sakafuni, kufunga vifungo vya jaketi, kusoma geji. Kichwa kiko chini, macho yako sentimita 30 kutoka sakafuni, suti nene imefika shingoni na jua linapiga. Dakika tatu za namna hiyo zinatosha kumwangusha mtu aliyekuwa mzima njia nzima. Dawa yake ni kufunga kila kitu ukiwa bado ufuoni au ndani ya mwamba: mtungi umefungwa, regulata (kifaa cha kupumulia) imejaribiwa, maski imepakwa dawa ya ukungu na kuning'inizwa shingoni, mapezi yako karibu na mguu. Suti ivae hadi kiunoni tu, uimalizie dakika ya mwisho. Mwombe mwenzako akuvalishe mapezi ili wewe uendelee kutazama mbali. Na umwombe kiongozi awe anakutanguliza majini.

Nitajuaje kwamba inaanza?

Watu hungoja kichefuchefu, lakini dalili za kwanza ni nyingine. Unapiga miayo bila usingizi. Mate yanajaa mdomoni. Jasho la baridi linatoka kwenye paji la uso, na rangi ya midomo inapauka. Mzungumzaji ananyamaza. Nikiwa na kundi, ninayemwangalia ni yule aliyekuwa akichekesha watu kwenye gari na sasa ameinamia magoti.

Ukijihisi hivyo, sema mara moja. Simama au keti wima, upate upepo usoni, fungua suti, lowesha shingo kwa maji ya bahari, vuta pumzi polepole, na tazama mbali. Ukiomba uruhusiwe kushika usukani hata kwa dakika chache, na nahodha akakubali, utashangaa: anayeendesha chombo hulewa mara chache kwa sababu mwili wake unajua kinachokuja.

Nimeshatapika. Nizame au nibaki?

Kwanza tapika vizuri. Nenda upande wa demani, unakokwenda upepo, shika ukingo kwa mikono miwili, na mtu akushike jaketi kwa nyuma. Usikimbilie chooni, huko hakuna hewa wala upeo wa kutazama. Ukimaliza sukutua, kisha kunywa maji au dawa ya chumvi na sukari kwa funda ndogondogo.

Kuhusu kuzama, mimi hupima hivi. Kama umetapika mara moja, kichwa kimekuwa chepesi, unaweza kuvaa vifaa bila kizunguzungu, na ukiulizwa hewa uliyonayo na kina mnachokwenda unajibu bila kufikiri sana, basi ingia, na usikae juu ukielea. Pale juu ya maji, ukiwa umebeba vifaa vyote, panaweza kuwa pabaya kuliko mashuani. Weka regulata mdomoni, tazama ufuoni, na kiongozi akitoa ishara mshuke mara moja kwa kufuata kamba kama ipo.

Kama bado unatapika, au unatetemeka, au umekuwa mzito wa kujibu, baki. Hakuna mjadala. Kila mpiga mbizi ana haki ya kuacha mbizi wakati wowote, kwa sababu yoyote, bila kujieleza, na hilo hufundishwa tangu darasa la kwanza. Anayekusukuma kwa maneno ya "jikaze, utazoea" hakutakii mema siku hiyo, hata awe rafiki yako wa miaka mingi. Muulize kiongozi kama unaweza kuelea kando ya mashua ukiwa umevaa boya na mtu akikuangalia; bila uzito wa vifaa, wapo wanaopata nafuu kwa kutoka tu chomboni.

Nikikataa kuzama nitarudishiwa pesa?

Inategemea kituo cha mbizi unachosafiri nacho. Uliza kabla ya kulipa, upate jibu kwa maandishi hata kama ni ujumbe wa simu. Lakini pesa iliyokwisha kulipwa isiwe sababu ya kushuka mita 20 ukiwa mgonjwa.

Nikichafukwa chini ya maji nifanye nini?

Hili huogopwa sana, nalo lina utaratibu wake. Shika kitu, jiwe lisilo na matumbawe hai au kamba, ili usipande wala kushuka. Mpe mwenzako ishara kwamba kuna shida na uelekeze tumboni. Kisha tapika ndani ya regulata, ukiwa umeishikilia kwa mkono mdomoni. Usiiondoe. Baada ya kutapika mwili huvuta hewa kwa nguvu bila kukuuliza, na kama mdomo uko wazi utavuta maji. Matapishi hutoka kwenye matundu ya regulata, na samaki huja haraka. Bonyeza kitufe cha katikati kusafisha, vuta pumzi ya kwanza polepole ukiwa umeinua ulimi kukinga makombo, kisha endelea kupumua. Ikiziba, badili utumie regulata ya akiba, kwa hiyo ujue iko wapi kabla ya kuanza. Mkitulia, pandeni kwa mwendo wa kawaida pamoja. Usipande mbio, kwa maana kupanda mbio ni hatari mara nyingi zaidi ya kutapika.

Kituo cha mita 5, yaani kusimama dakika tatu kwenye kina hicho kabla ya kutoka majini, nacho huchafua watu siku yenye mawimbi, kwa sababu kamba inapanda na kushuka mbele ya macho. Usiitazame kamba wala kompyuta ya mkononi muda wote. Tazama mwamba chini au mtu aliye mbali kidogo.

Nikijisikia vibaya baada ya kutoka majini, ni bahari tu au kuna jambo jingine?

Swali hili lisipuuzwe. Kama ulikuwa mzima wakati wa kwenda na kichefuchefu kimeanza baada ya mbizi, usimalize kwa kusema "ni mawimbi". Dunia kuzunguka kama pia inayochezwa, sikio kuvuma au kutosikia, ganzi, udhaifu wa mguu au mkono, maumivu ya viungo, vipele au madoa ya ngozi, na uchovu usio wa kawaida ni dalili za viputo vya naitrojeni au jeraha la sikio. Kichwa kuuma na kichefuchefu kwa watu kadhaa waliotumia mitungi iliyojazwa pamoja kunaweza kuwa hewa chafu yenye moshi wa injini ya kujazia.

Mwambie kiongozi hapohapo. Mgonjwa alale chali, apewe oksijeni safi, na apelekwe kwa daktari anayejua maradhi ya mbizi. Kabla ya kulipia safari yoyote, uliza kama mashua hubeba oksijeni na mpango wao wa dharura ni upi. Kituo kizuri hujibu kwa mdomo uliofunguka.

Narudi Nairobi lini? Treni si ndege, sivyo?

Treni si ndege, lakini Nairobi iko juu, takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na kupanda juu mapema baada ya mbizi kunaweza kuleta vile viputo vya naitrojeni, sawa na kupanda ndege. Mwongozo unaofuatwa na wapiga mbizi ni kungoja saa 12 baada ya mbizi moja isiyohitaji vituo vya lazima wakati wa kupanda, na saa 18 kama umezama zaidi ya mara moja au siku kadhaa mfululizo. Unahusu mwinuko wa kuanzia mita 600 hivi, kwa hiyo ukipanda treni ya Madaraka Express, basi au gari lako, nawe umo. Hesabu yake ni hii: ukitoka majini Jumapili saa tano asubuhi, saa 18 zinaisha Jumatatu saa kumi na moja alfajiri. Treni ya Jumapili mchana haikufai. Fanya Jumamosi kuwa siku ya mwisho ya kuzama, Jumapili uogelee ufuoni na kula yale mahamri. Na kama ulitapika sana, ongeza muda, unywe maji mpaka mkojo uwe mweupe.

Nimefika nyumbani na kitanda bado kinayumba. Ni kawaida?

Ndiyo, kwa watu wengi. Ubongo ulizoea bahari na sasa unaizoea nchi kavu. Tembea, lala mapema, usiendeshe gari siku ya kwanza kama unayumba, na kwa kawaida huisha ndani ya siku moja au mbili. Kukiwa na dalili yoyote kati ya zile nilizotaja za sikio, ganzi au udhaifu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Hata bila hizo, kuyumba kukizidi siku tatu muone daktari wa masikio, pua na koo. Nenda na kumbukumbu za mbizi zako: tarehe, kina, dakika ulizokaa chini na saa uliyopanda kuja Nairobi. Usipomwambia kwamba umetoka kupiga mbizi, yeye atatibu kizunguzungu cha kawaida.